Kemia haisomwi kwa macho pekee

Jumamosi moja mwezi wa Februari mwaka huu wa 2026, binti wa jirani yangu alisimama mbele ya bureti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa amesoma habari za chombo hicho kwa muda wa miezi kumi na minne kupitia simu ya mkononi. Aliweza kukichora bila kutazama kitabu. Aliweza kukueleza kwamba huchukua sentimita za ujazo 50, kwamba kila mstari mdogo ni sehemu moja ya kumi ya sentimita ya ujazo, na kwamba macho ya msomaji sharti yawe sambamba na sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji. Hata hivyo, alipokiona kimebanwa kwenye chuma chake juu ya meza, alininong'oneza ili fundi wa maabara asisikie: "Mwalimu, kumbe ni kirefu hivi?"

Swali hilo dogo limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Ndilo lililonifanya nishike kalamu leo, kwani naamini kuwa ndani yake mna jambo ambalo wakuu wa elimu katika nchi hii hawajalitilia maanani ipasavyo. Tunawaambia vijana kila uchao kwamba siku hizi mtu aweza kusoma somo lolote popote alipo, almuradi ana simu na data. Kwa historia, kwa dini, kwa fasihi na hata kwa hisabati, usemi huo una ukweli mwingi. Kwa kemia ya shule ya upili, hasa ile ya madarasa ya juu, usemi huo ni nusu ya kweli. Na nusu ya kweli yaweza kumpoteza mtu njia kuliko uongo mtupu.

Nilifunza kemia kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu. Mimi mwenyewe ni zao la mfumo wa zamani, ule wa kidato cha tano na cha sita, na nilifanya mtihani wangu wa KACE mwaka 1983. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 1989, baada ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 kuchukua nafasi yake. Nasema haya si kwa kujigamba wala kwa kuulilia ujana uliopita, bali ili msomaji ajue kwamba sina chuki na jambo jipya kwa sababu ya upya wake. Nimeona mitaala mitatu ikipita mbele ya macho yangu. Katika yote, kitu kimoja hakikubadilika: mwanafunzi wa kemia hupimwa kwa anachokijua kichwani na kwa anachoweza kukitenda kwa mikono yake.

Sasa nimrudie binti huyu. Aliacha shule akiwa kidato cha tatu mwaka 2024 baada ya kupata mtoto. Najua watakuwapo watakaoniambia kwamba sera ya serikali humruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Ni kweli. Sera hiyo ilianza mwaka 1994, na mwongozo wa kuitekeleza ukatolewa upya mwaka 2020. Lakini sera haimlei mtoto mchanga, wala hailipi nauli. Mama yake huuza samaki wa kukaanga jioni, na asubuhi huenda kuwatafuta samaki hao ufuoni. Binti ndiye anayebaki na mtoto wake pamoja na wadogo zake wawili. Kurudi darasani kila siku hakukuwezekana. Ndipo akajiunga na masomo ya masafa kwa njia ya mtandao, akilipa ada kidogo kidogo kila mwezi kwa simu.

Angeliweza kuliacha somo la kemia. Marafiki zake walimshauri hivyo. Yeye alikataa, kwa sababu nia yake ni kusomea ufamasia, na mlango wa ufamasia haufunguki kwa mtu asiye na kemia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye ameinama kweli kweli: hununua data ya shilingi 20 au 50, kadiri ya mauzo ya siku, na kusoma kuanzia saa tatu za usiku watoto wanapolala.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Masomo ya mtandaoni yamemfaidi msichana huyu kwa namna ambayo mimi, pamoja na chaki zangu na miaka yangu yote, sikuweza kuwafaidi wengi wa wanafunzi wangu. Chukua mfano wa moli. Kila aliyefunza kemia anajua kwamba hapo ndipo mashua za wengi huzamia. Mwalimu mwenye wanafunzi 50 au 60 darasani hueleza mara moja, akarudia mara ya pili, na kufikia mara ya tatu kengele imelia. Binti huyu aliutazama mhadhara mmoja wa moli mara kumi na moja. Aliusimamisha alipochanganyikiwa, akaurudisha nyuma, akaandika, akaendelea. Mwalimu wa kwenye simu hakumkemea wala hakumcheka. Alipotoka hapo, alikuwa akipiga hesabu za moli kama anayehesabu chenji ya samaki.

Jioni moja alikuja kwangu, mtoto mgongoni, akanieleza kwa nini viwanda vya amonia hutumia mkandamizo mkubwa. Kwa mlinganyo, alisema, molekuli moja ya naitrojeni na tatu za haidrojeni huleta molekuli mbili za amonia. Upande mmoja una molekuli nne za gesi na upande wa pili una mbili. Ukiukandamiza mchanganyiko huo, nao hutafuta nafuu kwa kuelekea upande wenye molekuli chache. "Ni kama abiria wa matatu, mwalimu," akaniambia. "Wakibanwa sana, wawili hukaa kwenye kiti cha mmoja." Mfano huo hakuupata mtandaoni, aliubuni mwenyewe. Mwanafunzi anayeweza kubuni mfano wake ameelewa. Sitaki basi msomaji aseme kwamba nimekuja hapa kuibeza elimu ya masafa.

Lakini tulipoingia maabara siku ile ya Jumamosi, kwa hisani ya rafiki yangu wa zamani anayefanya kazi katika shule moja ambayo sitaitaja, niliona upande wa pili wa sarafu. Kazi niliyompa ilikuwa nyepesi: apime sentimita za ujazo 25 za myeyusho wa sodiamu haidroksaidi kwa pipeti, atie matone mawili ya fenoftalini, kisha adondoshe asidi hidrokloriki kutoka kwenye bureti hadi rangi ya waridi itoweke. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kabla yake na kupata 24.6.

Jaribio lake la kwanza lilitoa 26.8. Alikuwa ameifungua koki ya bureti na kushindwa kuifunga kwa wakati, kwani mkono wake wa kushoto haukujua la kufanya wakati wa kulia ukiitikisa chupa. Jaribio la pili lilitoa 25.3. Hapo nilimwona akiisoma bureti kutoka juu, shingo ameinamisha, ilhali kanuni ya kuweka macho sambamba aliijua kwa ghibu. Kadhalika alikuwa akilipuliza lile tone la mwisho linalobaki kwenye ncha ya pipeti, bila kujua kwamba pipeti imetengenezwa kwa kulihesabu tone hilo kuwa la kubaki. Jaribio la tatu lilitoa 24.7. La nne likatoa 24.6. Alipoiona nambari hiyo alikaa kimya kitambo, kisha akaomba arudie mara ya tano ili ahakikishe kwamba haikuwa bahati. Ilikuwa 24.6 tena.

Majaribio matano na saa mbili za Jumamosi ziliziba pengo ambalo miezi kumi na minne ya simu haikuliziba. Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yangu.

Tukaendelea na chumvi. Katika simu yake, ambayo hupunguza mwangaza wake ili kuhifadhi chaji, mashapo meupe ya zinki na mashapo meupe ya alumini ni kitu kimoja. Alikuwa amekariri tu kwamba amonia ikizidishwa, ya zinki huyeyuka na ya alumini hubaki. Maabarani aliyaona yakiyeyuka mbele yake ndani ya neli ya majaribio, na akaona pia kwamba hayayeyuki papo hapo kama video zilizokatwa zinavyoonyesha. Huhitaji kuongezewa amonia polepole na kutikiswa. Aliona salfeti ya shaba ikitoa mashapo ya samawati hafifu, kisha ikageuka samawati iliyokolea baada ya kuzidishiwa amonia. Nikamfunza kuinusa amonia kwa kuupepea mvuke wake kwa kiganja, si kwa kuweka pua mdomoni mwa chupa. Machozi yalimlenga hata hivyo. "Hii haimo kwenye simu," alisema, akicheka.

Kwa nini mambo haya ni mazito? Si kwa sababu tu ya mapenzi ya mwalimu mzee kwa chupa zake. Ni mazito kwa sababu mtihani wenyewe wayadai. Somo la kemia katika KCSE lina karatasi tatu. Karatasi mbili za kwanza ni za nadharia, kila moja ikiwa na alama 80. Karatasi ya tatu ni ya vitendo: saa mbili na robo ndani ya maabara, alama 40. Alama hizo ni sehemu moja ya tano ya somo zima. Mtahiniwa aliyesoma kwa simu pekee huingia katika chumba hicho akiwa kama mtu aliyejifunza kuogelea kwa kusoma kitabu, kisha akatupwa kilindini. Akipoteza alama hizo, tofauti kati ya C na D inaweza kuwa papo hapo, na pamoja nayo tofauti kati ya chuo na kibanda cha samaki.

Tena kuna tatizo linalotangulia hilo. Mtahiniwa wa kibinafsi huhitaji kituo cha kufanyia mtihani, na kwa somo la kemia kituo hicho lazima kiwe na maabara na mtu wa kuitayarisha. Binti huyu alitaka kufanya mtihani mwaka huu. Tulizungumza na walimu wakuu wa shule tatu. Wa kwanza alisema kemikali zake hazitoshi wanafunzi wake mwenyewe. Wa pili alimkubali kwa masharti kwamba aliache somo la kemia. Wa tatu aliahidi kutupigia simu, na hadi leo simu yangu haijalia. Siwalaumu sana, kila mmoja analinda jahazi lake. Lakini matokeo ni kwamba msichana ameahirisha mtihani hadi mwaka 2027, na mwaka huo ndio darasa la mwisho la 8-4-4 litakapofanya KCSE. Mlango huo unafungwa taratibu nyuma ya vijana wote waliobaki nje, na kila mwaka unaopotea ni mwaka mzito.

Msomaji asidhani kwamba haya huwapata maskini pekee. Zipo familia za wenye uwezo mijini ambazo watoto wao husoma nyumbani kwa mtandao ili wafanye mitihani ya ngazi ya juu ya Cambridge kutoka Uingereza, ile inayofanana na kidato cha tano na cha sita tulichokiacha. Mtoto huyo ana kompyuta, ana mwalimu wa ziada, ana intaneti isiyokatika. Lakini karatasi ya tatu ya kemia ya Cambridge nayo ni ya vitendo: saa mbili, alama 40, vyombo na kemikali mkononi. Mzazi wake huzunguka mjini akitafuta shule itakayompokea mwanawe kwa karatasi hiyo, sawa na nilivyozunguka mimi na binti wa muuza samaki. Tofauti yao ni kwamba mmoja huzunguka kwa gari.

Huenda mtu akauliza iwapo tatizo hili ni la lazima, yaani iwapo elimu ya masafa na kazi ya mikono haziwezi kukaa pamoja. Historia inajibu kwamba zinaweza, na kwamba waliotutangulia walilijua hilo. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokuwa bado ni chuo kishiriki, kilianzisha mwaka 1967 kitengo cha masomo kwa njia ya posta. Walimu wa shule za msingi waliokuwa kazini walijiendeleza kwa vitabu vilivyotumwa kwa barua na vipindi vya redio. Lakini barua na redio hazikuachwa peke yake. Wakati wa likizo, wanafunzi hao walikusanywa kwa mafunzo ya ana kwa ana.

Huko Uingereza, Chuo Kikuu Huria kilichoasisiwa mwaka 1969 kilianza kufunza mwaka 1971. Wanafunzi wake wa sayansi walitumiwa nyumbani masanduku ya vifaa vya majaribio, na wakati wa kiangazi waliitwa kwenye vyuo mbalimbali wakae katika maabara kwa siku kadhaa. Hadi leo, kijana anayesomea kemia ya A-level nchini Uingereza chini ya mtaala ulioanza mwaka 2015 hutakiwa afanye angalau majaribio 12 kabla ya kupewa idhini ya kazi ya vitendo, na yule anayesoma kwa masafa huenda mahali penye maabara kwa siku chache akayafanye. Waliovumbua njia hii, kwa hiyo, hawakuwahi kuamini kwamba skrini au barua ingechukua nafasi ya maabara. Sisi tumeichukua sehemu iliyo rahisi ya uvumbuzi wao na kuiacha iliyo ngumu.

Sisi wenyewe tulionjeshwa jambo hili mwaka 2020. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, masomo yalihamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Watahiniwa wa kidato cha nne waliporudi mwezi wa Oktoba, jambo la kwanza nililoliona darasani kwangu lilikuwa hili: wale waliofuatilia vipindi hawakuwa wamesahau nadharia, lakini mikono ya wote ilikuwa imeota kutu. Mtihani wa mwaka huo ulisogezwa hadi Machi 2021, na wiki nyingi za katikati tulizitumia maabarani. Darasa langu lilikuwa na maabara ya kurudia. Binti wa jirani yangu hana.

Nimewahi kuambiwa na kijana mmoja hodari wa kompyuta kwamba fikira zangu ni za kale, kwani siku hizi zipo maabara za kuigiza. Alinionyesha programu za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel. Nimezitumia, na nakiri kuwa ni nzuri, tena hutolewa bure. Humwezesha mwanafunzi kuona atomu na molekuli zikitenda yale ambayo jicho haliwezi kuyaona hata katika maabara bora kabisa. Lakini bureti ya kuigiza haivuji. Koki yake haikwami. Kemikali zake hazichafuki, na macho ya mwanafunzi hayawezi kuisoma vibaya, kwani nambari huandikwa pembeni kwa tarakimu kubwa. Kosa, ambalo ndilo mwalimu mkuu wa maabara, limeondolewa humo. Binti huyu alijifunza kutokana na 26.8 na 25.3 mambo ambayo asingeyapata kwa programu inayompa 24.6 mara ya kwanza.

Watakuwapo pia wa kuniambia: mbona zipo shule ambazo maabara zake ni chumba kitupu chenye sinki lisilo na maji? Mbona zipo ambazo mwanafunzi hushika pipeti mara mbili tu kabla ya mtihani? Naam, zipo, na nimefunza katika mojawapo. Lakini ubovu wa nyumba ya jirani hauwi sababu ya kumlaza mgeni nje. Isitoshe, ubovu huo unaitilia nguvu hoja yangu. Tangu Januari mwaka huu, wanafunzi wa Gredi ya 10 wameingia shule ya upili ya juu chini ya mtaala mpya, na wale waliochagua mkondo wa sayansi na teknolojia wanaweza kusoma kemia. Mahali penye uhaba wa walimu na vyombo, kishawishi cha kuwasha skrini na kuita hiyo kemia kitakuwa kikubwa mno. Tusipoweka sasa kanuni ya kwamba masomo ya mtandaoni ya kemia lazima yaandamane na siku za maabara, tutazoea upungufu na kuuita maendeleo.

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji majengo mapya.

Kwanza, maabara za shule za upili za umma hukaa zimefungwa wakati wa likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Wizara ya Elimu ichague angalau shule moja katika kila kaunti ndogo ambayo maabara yake itafunguliwa kwa siku tano katika kila likizo kwa ajili ya wanafunzi wa masafa na watahiniwa wa kibinafsi. Siku tano mara tatu ni siku 15 kwa mwaka. Ikiwa saa mbili ziliweza kumtoa mtu kwenye 26.8 hadi 24.6, fikiria siku 15 zitafanya nini.

Pili, shule hizo hizo ziwe vituo vya mtihani kwa watahiniwa hao, ili mtu asitembee akiomba kama maskini mlangoni. Gharama ya kemikali na posho ya fundi wa maabara vilipwe kwa ada ndogo iliyowekwa wazi na kujulikana nchi nzima, si kwa bei ambayo kila mwalimu mkuu hujipangia. Kuhusu usalama, anayehofia ajali ajue kwamba ajali nyingi zaidi zitatokea jikoni kwa vijana wanaojaribu kuiga video bila msimamizi kuliko mbele ya fundi aliyefunzwa.

Tatu, wanaouza masomo ya kemia mtandaoni watakiwe kumwambia mnunuzi, kabla hajalipa shilingi ya kwanza, kwamba masomo hayo hayana sehemu ya vitendo, na wamwonyeshe ataipata wapi. Binti huyu alilipa miezi sita kabla ya kugundua kwamba karatasi ya tatu haikuwamo. Mwuza dawa hulazimika kuandika kwenye chupa kilichomo. Mwuza elimu naye aandike.

Nne, na hili lawahusu wanafunzi wenyewe, wasingoje maabara ili kuanza kutumia mikono. Jikoni mna kemia isiyo na hatari. Chemsha majani ya kabichi ya zambarau, yachuje, na maji yake yatakuwa kiashiria: yatageuka mekundu ukitia maji ya ndimu, na ya kijani ukitia magadi. Changanya ndimu na magadi uone povu la kabonidioksaidi. Tumia bomba la sindano jipya, lisilo na sindano, kudondosha maji ya ndimu kwenye maji ya magadi uliyotia kiashiria hicho, uhesabu ujazo hadi rangi ibadilike, na urudie mpaka nambari mbili zikaribiane. Hiyo si bureti, lakini mkono utaanza kuzoea subira. Asidi kali, soda kali na dawa za kuzibulia mabomba usiziguse nyumbani hata kidogo. Hizo ni za maabara na msimamizi wake.

Nimeyaandika haya nikijua kwamba nchi ina madeni, walimu wana malalamiko, na wakuu wa shule wamechoka kupewa majukumu bila fedha. Hata hivyo, ninachokiomba ni kufunguliwa kwa mlango ambao tayari upo, kwa siku ambazo chumba ni kitupu. Serikali ilijenga maabara hizo kwa kodi ya wananchi, na muuza samaki naye ni mlipa kodi, maana mafuta anayokaangia hayamfikii bila kutozwa ushuru.

Binti wa jirani yangu hajapata kituo. Juma lililopita alipita kwangu, akaamkia, akaniuliza kama rafiki yangu ataweza kutufungulia maabara tena siku moja ya likizo ya Aprili. Anataka kujaribu titrasheni ya potasiamu paramanganeti. Amesoma kwamba rangi yake ni nzito mno kiasi kwamba mbonyeo wake husomwa juu badala ya chini, na anataka ayaone hayo kwa macho yake kabla ya kuyaamini. Nilimwambia nitauliza. Lakini elimu ya mtoto wa Kenya haifai kutegemea urafiki wa mzee mmoja mstaafu na fundi mmoja mwenye huruma na funguo. Wapo wengine kama yeye ambao hawana jirani aliyewahi kufunza kemia. Hao nani atawaulizia?